Sembe au Dona

Nyuma ya ukuta wa chumba changu, Manzese Midizini,
kuna mashine ya Sekilojo. Inasaga tangu saa kumi na mbili,
na kila anayetua debe mlangoni
huulizwa swali lile lile, usoni hatazamwi:
"Sembe au dona? Pumba unachukua?"

Nami nasaga, upande huu wa tofali.

Programu ya kusoma kioo kwa sauti
niliishusha juzi ikiwa tayari, nyeupe, imekobolewa.
Kifaransa kimo, Kijerumani kimo,
sauti tatu za Kiingereza, moja ina mafua.
Kiswahili hakuna.
Shangazi Mwanakombo alisikiliza, akavua hedifoni:
"Huyu mgeni anasoma kama anatafuna kokoto."
Miaka thelathini na mmoja alisahihisha prufu za gazeti
kwa kalamu nyekundu, mpaka presha ya macho
ikamfungia dirisha moja, kisha la pili.

Basi nimeshusha gunia zima. Msimbo wote, na maganda yake.
Bando limekata saa saba usiku, faili la mwisho likiingia.

Nafungua mipangilio.
Mistari mia mbili na kumi na minne,
na kila mmoja unauliza: niwashe, nizime?
Madirisha ya rangi: zima.
Michoro inayocheza: zima. Haoni, itamchezea nani?
Printa: zima.
Nasita. Shangazi na karatasi…
Naiwasha. Huwezi kujua.
Kichakataji: cha zamani, kompyuta yenyewe ya mnada,
nikikisifia ujana kisionao kitazimia njiani.
Pa kukaa: chumbani kwake mwenyewe, si kwenye vyumba vya mfumo,
asije akagombana na wenyeji.

Na kule chini, mstari wa mia moja na tisini,
kati ya lugha ninazozijua kwa majina tu,
herufi mbili: sw.
Imezimwa.

Haikukosekana, unasikia? Ilikuwamo.
Mtu aliketi akaiandika, irabu kwa irabu,
na mwingine mwenye haraka akaikoboa pamoja na pumba.

Nawasha.

LUKU inasoma uniti nne nukta mbili.
Nachomoa feni. Nachomoa friji,
samaki wa mama mwenye nyumba watanisamehe.
Nazima taa. Chumba nacho nakipangia,
swichi kwa swichi, kibaki na kazi moja.

Jaribio la kwanza: maktaba ya sauti haionekani.
La pili: inaonekana, ila ni kuukuu.
La tatu linakwenda. Asilimia arobaini,
kompyuta inavuma, Sekilojo anavuma,
sijui tena ipi inasaga mahindi.
Asilimia sabini na nane,
kisha mstari mmoja mwekundu:
nukta mkato. Niliifuta mwenyewe, kwa kidole chenye usingizi.
Shangazi angeiona toka meza ya tatu.

La nne sikulitazama. Nililala sakafuni, nikilisikiliza.

Jumatano nampelekea, Kigogo.
Sauti inatoka kavu, ya nyumba isiyo na samani:
"Karibu. Una faili tatu."
Shangazi hasemi kitu. Anainua kidole: endelea.
Namfungulia barua ya ushirika wao wa maziwa.
"Gharama za matunzo ya ngombe…"

"Ng'ombe," anasema Shangazi. "Irudie."

"Ngombe."

"Ng'ombe! Mwambie, ritifaa si inzi,
haikutua pale kwa bahati mbaya."

Na mkono wake unapapasa meza,
kikombe, kitambaa, ukingo wa redio,
unatafuta kalamu nyekundu.

Nafungua faili la kanuni za matamshi, mstari wa sitini na tatu.
"Shangazi," namwuliza, "LUKU yako ina uniti ngapi?"