Sikio la Kuishi

Mama Cheptoek aliniamsha kwa ngumi mlangoni:
"Mangusho, njoo uone maiti wako wanavyocheza."

Nikapanda naye hadi shamba la juu,
lile linalotazamana na mto Suam,
nilikopita na bomba mgongoni wiki tatu nyuma,
lita kumi na sita, mkono mmoja ukipampu,
mwingine ukichora upinde wa ukungu juu ya ngano.
Ngano imefika magotini.
Niliyoyaua yamefika kiunoni.

Nikachutama, nikang'oa moja.
Mizizi myeupe kama meno ya utotoni.
Majani mawili ya chini yamebabuka, alama ya dawa yangu,
kama mtu aliyeponea ndui akabaki na makovu,
akaendelea kuoa.
Juu ya kovu, machipukizi sita.

Mwenye duka mjini Bukwo alisema tubadili chupa.
Tukabadili: ya kijani, ya buluu, ile ya kifuniko chekundu.
Karatasi ina jina jipya, uchungu wa ndani ni ule ule.
Afisa wa kilimo akaja na pikipiki, akapiga picha,
akasema ng'ambo wanayo nyasi hii tangu zamani,
huenda ilivuka ndani ya mashine ya kuvunia
tuliyoikodi mwaka ule wa mvua nyingi,
watoto wakaipokea kwa vifijo mpaka getini
wala hakuna aliyelifagia tumbo lake.
Mama Cheptoek akacheka bila kufungua meno:
"Kumbe tulimlipa mgeni, akatupandia."

Mimi nikatazama viatu vyangu.
Afisa hakuuliza habari za vizibo.

Vizibo viwili kwa bomba moja, ndivyo chupa inavyosema.
Miaka yote hiyo nilitia kimoja.
Kimoja cha shamba lake, kimoja cha chupa yangu
iliyofichwa chini ya gunia la maganda;
ikijaa, nashuka nayo Chesower siku ya soko,
narudi na ada ya shule ya Chelimo
imekunjwa ndani ya soksi.

Nilidhani nusu ya dawa huua nusu ya nyasi.
Hesabu yangu hiyo.
Zilizokuwa legevu zilikauka, nikazionyesha, nikalipwa.
Zenye shingo ngumu zilikunywa, zikakohoa, zikazaa.
Mwaka uliofuata nikakuta wana,
halafu wajukuu, wamezaliwa
wakiijua ladha ya mkono wangu.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Walikuwa wakizika watu, hawakupuliza ngano.
Hili hapa sikio la kuishi,
limesimama wima kwenye umande,
limeota nywele, limebeba mbegu kama mia,
na dawa halisikii
hata uimwage kwa ndoo.

Basi tunang'oa kwa mkono.
Ukichelewa siku mbili masuke yanapukutika,
kwa hiyo tunayatia kwenye magunia taratibu,
kama anayembeba mtoto aliyelala,
tunayachoma pembeni, mbali na upepo wa mlimani.
Mwakani hapa ni viazi, amesema, na mwaka wa pili viazi,
na mashine haitakanyaga kabla hajaingia mwenyewe
na ufagio.
Viganja vyangu vimepasuka. Bomba linaning'inia jikoni,
kuku ameanza kutaga nyuma yake.

Jana mchana, mgongo umeinama, bila kunitazama,
akaniuliza: "Chelimo yuko kidato cha ngapi sasa?"
"Cha nne," nikasema.

Akalivuta shina moja, likakatika,
akarudi kuuchimbua mzizi kwa kidole.

"Miaka minne," akasema.
Akanisogezea gunia tupu.