Mengineyo

Mkutano ulifunguliwa saa nne na dakika kumi
badala ya saa tatu. Jenereta. (Hilo sikuliandika.)
Julai ya Arusha, baridi ya kutafuna masikio,
Meru umejifunika mawingu hadi kiunoni,
nasi darasa la nne, kwenye madawati ya watoto,
magoti yakitafuta videvu,
watu wazima kama tunaosubiri matokeo.

Mhandisi Kihwelo alibandika ramani ubaoni
juu ya hesabu za sehemu zilizofutwa nusu.
Akachomoa kalamu nyekundu, ya wino mzito,
akavuta mstari kutoka Kisongo,
ukashuka Ngarenaro, ukakata Unga Limited,
ukavuka Themi, ukapinda kuelekea Njiro
kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.
"Reli ya mjini. Ya umeme. Dakika ishirini na mbili."

Tukaguna, kule kuguna kwa utamu.
Nami niliguna, nisiwe mnafiki:
masika yote natembea kutoka Muriet
viatu mkononi, daftari kifuani.

Mimi ni mwandishi wa muhtasari. Kazi yangu kuchuja.
Ndugu Loishiye aliongea robo saa
juu ya barabara ya mwaka ule, na hundi ya baba yake
iliyofika mwenye hundi keshazikwa,
warithi wakaipigania hadi ikachakaa.
Niliandika: Mjumbe alihoji kuhusu fidia.
Naetwe, fundi cherehani, akasema tumechelewa,
"Jengeni hata kesho! Wateja wangu wako Njiro,
nauli inakula pindo la kila gauni."
Niliandika: Mjumbe aliunga mkono.
Kijana akauliza kama treni itapiga honi usiku.
Wakacheka.
Kicheko hakina safu yake.

Kisha mwenyekiti: wanaoridhia, mikono juu.
Nikahesabu kwa ncha ya kalamu, dawati kwa dawati,
sitini, sitini na moja, na mbili,
na mkono mmoja nyuma kabisa, karibu na mlango,
mwembamba, sweta ya kijani imetatuka kiwikoni.
Na tatu.
Makofi. Soda zikaanza kugawiwa.
Mkono ule bado uko juu.
Ndipo nikakumbuka kuwa ulikuwa juu
hata kabla mwenyekiti hajaomba mikono.

Nilimkuta nje, Bi Eliakunda, anafunga kanga kichwani.
"Treni sina ugomvi nayo, mwanangu.
Nilipanda ile ya Moshi na mimba yangu ya kwanza.
Nilitaka kumuuliza yule fundi wenu kitu kidogo tu:
ile kalamu yake,
unene wa wino wake, ukishuka chini, ni hatua ngapi?"

Nikarudi darasani. Rula ya mwalimu ilikuwa mezani.
Pembeni mwa ramani: sentimita moja, mita mia.
Urefu wa mstari kila mtu alishaupima kwa macho.
Nikapima upana.
Milimita tano.

Mita hamsini.
Nyumba yake, banda la kuku, choo kipya,
na uzio wa jirani anayemdai,
vyote vimelala ndani ya unene wa kalamu
wala hatukuviona, wino ulikuwa unang'aa.

Huenda reli yenyewe ni mita kumi.
Huenda ni mkono wa mhandisi tu uliolemea.
Huenda. Nani aliuliza?

Sasa ni usiku. Muhtasari unatakiwa asubuhi,
nakala tatu, mhuri kila ukurasa.
Nimefuta tatu, nimeandika mbili: sitini na mbili.
Na chini, penye Mengineyo,
ambapo miaka yote tunaandika "hayakuwepo",
nimeliweka swali lake kama alivyolisema,
sikulipiga pasi.
Kisha nikachonga penseli
hadi ncha ikawa kama sindano ya Naetwe,
nikaibana na nakala ya Mhandisi.