Namba 0417

Nilimpima Februari, ukungu haujapanda.
Sentimita kumi na tisa. Jike.
Mdomo umejaa mayai, kwa kuwa ngege
hulelea kinywani, hana nyumba nyingine.
Nikampachika kiuzi cha manjano chini ya pezi,
namba 0417,
nikamwachia arudi ndani ya maboya.

Maboya yetu ni mitungi ya mafuta ya kupikia
tuliyoipaka rangi iliyosalia
kanisa lilipokwisha kupakwa.
Manane, toka mafunjo hadi mafunjo.
Ndani ya hapo Kanyaboli haiguswi:
wavu haushuki, ndoana haitupwi.
Ndiyo sheria. Samaki hawajaisoma,
wala si samaki peke yao.

Mbeyu, niliyesoma naye, yuko Kipini anahesabu papa.
Hunitumia picha: pezi limepasua maji
kama mkasi kwenye kitambaa kipya.
“Mimi nahesabu papa,” huniandikia,
“wewe unahesabu kitoweo.”
Hucheka peke yangu mtumbwini.
Kisha nawaza: papa ana meno yake yote
na bado anamhitaji Mbeyu.
Huyu wangu ana nini,
ila kufumba mdomo?

Alhamisi niliingia darasa la tano, Kadenge.
Nilichora ngege ubaoni, chaki ikakatika mkiani.
Ondong’ akanyoosha kidole:
“Akiwa na mayai mdomoni, anakula nini?”
“Hali.”
“Siku ngapi?”
“Hata wiki mbili.”
Darasa likanyamaza.
Mwezi ule uji wa shule ulikuwa umekatizwa.
Sikuwa na haja ya kueleza zaidi.

Jumapili mama mkwe, Nyar-Ugenya,
alinipakulia mimi kwanza.
Mchuzi mzito, nyanya, kitunguu cha kukaanga.
Nikapindua ubavu kwa kidole,
nikaona manjano.
Namba ilisomeka.
“Nilidhani mwiba,” mama alisema.
Shemeji yangu Ragen aliukodolea ugali
kana kwamba umeandikwa kitu.

Nilikula. Nihukumuni mkitaka.
Mama alikuwa ananitazama,
na yule samaki hangerudi ziwani
kwa mimi kususa.

Usiku nikafungua daftari.
Tarehe: nikaandika.
Mahali: sufuriani, nyumbani kwetu.
Urefu: haukupimwa.
Maelezo: nikakaa na kalamu
mpaka taa ikaanza kutoa moshi.
Aliwatema wanawe kabla, au bado?
Daftari lina safu kumi na mbili
na hakuna hata moja ya swali hilo.

Jumatatu Ragen alinikuta mwaloni.
“Utaandika jina langu?”
“Daftari halina safu ya majina.”
Akasimama. Akakuna shingo.
Wavu wake sikuuona, sikuuliza.
Kisha akaushika ubao wa kupimia
upande wa pili, ule unaonitetemeka
kila mara nikiwa peke yangu.
“Soma,” akasema.
Nikasoma: kumi na moja. Mdogo.
Akamchukua kwa mikono miwili,
akainama mpaka mikono ya shati ikalowa,
akamrudisha
kama mtu anayerudisha sahani ya jirani
na anaona haya kuirudisha tupu.