Dodoki

Kila Ijumaa n'limkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa,
bafuni Kibokoni, maji ya kisima yenye chumvi,
nikamsugua shingo kwa dodoki.
Mstari mweusi, mnene kama mahameli,
ulizunguka kisogo ukateremka kwapani.
"Twalib, hujui kuoga?
Chuoni utakaa safu ya mbele na taka hii?"
Alifumba macho, akashika ukingo wa ndoo.
Sabuni ya mche. Ndimu. Mara moja magadi,
Mungu anisamehe hayo magadi.

Mtaani walimsifu: mashallah, mtoto kajaa.
Sifa zile nilizila
pamoja na mahamri yaliyobaki.

Makadara, Jumanne, kabla hajanywa chai,
muuguzi Mkawasi hakutazama tumbo kwanza.
Alimgeuza, akapapasa kisogo kwa kidole
kama apimaye kitambaa.
"Mama, hii si taka."

Akaeleza, nami nikaelewa kwa kazi ya babake
anayeshusha magunia Kilindini:
sukari huingia mwilini kama shehena,
na homoni moja, insulini, ndiye kuli wake,
huibeba mlango hadi mlango, hodi, hodi.
Miaka ya soda, ya viazi vya karai,
ya simu usiku chini ya shuka,
wenye nyumba wamechoka kufungua.
Mwili kwa hofu huita makuli zaidi,
kumi, ishirini, ujia umejaa,
wote wanagonga,
na kugonga huko ndiko kulikoandikwa
kwa wino mweusi shingoni mwa mwanangu.

Mjumbe wa shibe yupo, akasema. Huita kila siku,
ila kichwani hakuna amsikiaye.
Na mimi n'limwita mlafi.
Mbele ya wageni.

"Si ulafi. Wala si kosa lako peke yako."
Hilo la pili sijalimeza.

Tulirudi kwa miguu, jua la saa sita,
tukapita karai likitoa moshi, hakuomba.
Karibu na nyumbani akanivuta buibui:
"Kwa hivyo mimi ni msafi?"

Leo Ijumaa dodoki liko msumarini.
Nimemwosha kwa kiganja, polepole.
Mabega yake yalipanda hata hivyo,
kwa mazoea,
yakingoja.