Swali la Nne

Mpira wa nusukipenyo r
umekaa juu ya mpira wa nusukipenyo R.
Wa chini haujongei. Wa juu hautelezi.
Onesha kama msawazo wake ni imara.
Alama kumi na mbili.

Mwalimu Bwire hakuandika "jiwe".
Lakini mimi nakaa Mabatini,
chumba cha nyuma, pale mlima unapoanza ukali,
na juu ya bati la jiko letu kuna jiwe juu ya jiwe
tangu kabla hapajaitwa Mabatini.
Mama amelifunga kamba ya nguo kiunoni.
Mijusi wenye vichwa vyekundu huota jua hapo,
wakipiga pushapu kama mgambo.

Karatasi ya kuchorea sina.
Nina stakabadhi za duka la nyavu la mjomba, Kirumba:
mbele bei ya uzi na maboya,
nyuma weupe mtupu.

Nishati ya mwinuko ni uzito mara kimo.
Kimo ni R na r vikiungana, mara kosini ya pembe.
Hapo hakuna ubishi.
Nikatafuta badiliko lake: sifuri kileleni, vizuri.
Nikatafuta badiliko la badiliko
nikapata chanya.
Chanya! Yaani bakuli, yaani jiwe likisukumwa hurudi,
yaani jiko, mama, masufuria, sote salama.
Nikachemsha chai. Nikatia sukari vijiko vitatu.

Saa tano usiku Masalu akapiga simu kutoka Malimbe,
nyuma yake wana hosteli wakigombania pasi.
"La nne umepata nini?"
"Imara."
Kimya. Halafu ile sauti yake ya karani wa benki:
"Tazama mstari wa tatu. Hasi yako imekwenda wapi?"

Hasi.
Kijiti chembamba kuliko mwiba wa dagaa.
Niliikuta imezama kwenye mkunjo wa stakabadhi,
nyuma ya "maboya ishirini" na "jumla kuu".
Kosini ukiibadili mara mbili hurudi yenyewe,
ila hurudi imenuna; nilikuwa nimesahau ule mnuno.
Nikaurudisha
na bakuli likapinduka, likawa mgongo.

Nikajaribu kwa njia ya nguvu.
Nikafanya r iwe gololi, R iwe kilima cha Bugando.
Hasi.
Nikafanya r iwe Bugando, R iwe gololi,
kwa hasira tu.
Hasi.

Saa nane nikatoka na tochi ya simu.
Kule chini ziwa jeusi, taa za wavua dagaa
zikipanda na kushuka
(hilo ni swali la sita, sijalifikia).
Nikachuchumaa, nikamulika mawe yanapogusana.

Swali linasema nukta moja.
Haikuwa nukta. Kilikuwa kiti,
kipana kama ungo,
na upande wa bondeni limebanwa kokoto,
kubwa kama ngumi,
lenye rangi ya mlima mwingine.

"Mimi hiyo," mama alisema dirishani;
sikujua kama yu macho.
"Nina mimba yako, nililisikia linakoroma.
Nikalitilia kabari."

Nilitaka kumwambia kokoto lile halibebi kitu,
kwamba tani arobaini haziombi msaada wa ngumi.
Lakini sikuwa na kipimo cha msuguano wake,
wala sikuwapo usiku ule, isipokuwa kwa namna fulani.
Nikasema, "Lala, mama."

Swali halikuuliza habari za kiti.
Halikuuliza kabari.
Nikanakili kwa wino, mstari kwa mstari,
hasi nikaikoleza mpaka karatasi ikatoboka kidogo:
kwa hiyo msawazo si imara;
ukiguswa hata kwa unyoya, mpira utaanguka.
Nikapiga mistari miwili chini ya jibu, kama tulivyofundishwa.

Nikazima taa
nikalala pale pale,
chini ya jiwe.