Mfuko wa Oiva

Alikuja kutengenezesha saa. Ndivyo alivyosema.
Novemba, mjini Tampere, saa tisa alasiri
na usiku umeshapiga kambi dirishani.
Saa ya kutia ufunguo, kioo kimepasuka,
imegoma tangu Jumanne.
"Subiri," akasema Oiva, akipapasa risiti,
na mfukoni mwa koti kikatoka kijiji kizima:

kalamu ya wino, weusi wake umechujuka ukawa rangi ya chai,
kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe,
tochi isiyozidi kidole gumba,
dira (na mtu huyu hajatoka mjini mwaka mzima),
kiberiti cha petroli, naye havuti.

Nikamwuliza, vyote hivi vya nini?
Akanitazama
kama niliyemwuliza magoti mawili ni ya nini.

Miaka ishirini na sita nimekaa nyuma ya kaunta hii
na sijamwona aliyekuja na saa tu.
Mwenye saa ana kamera ya filamu.
Mwenye kamera ana redio kuukuu chumbani, imefunikwa shuka,
na huyo wa redio husaga kahawa kwa mkono
akiipima kwa mizani ya sonara.
Mtafutaji hachoki, wanasema, akichoka keshapata.
Hawa wamepata, wamepata tena,
na uchovu haujui mlango wao.

Kitu huzaa kitu, Oiva akanieleza.
Kalamu iliikataa karatasi ya dukani, wino ukatapakaa.
Akatafuta karatasi. Karatasi nzuri ikataka jalada la ngozi,
ngozi ikataka kisu, kisu kikataka jiwe la kunolea,
jiwe likataka taa ya kukagulia makali,
"na taa," alisema, akaishiwa maneno,
akaiwasha tu ile tochi, akamulika dari yangu
nikaona utando wa buibui nisioujua.

Mlango ukalia. Sirkka, dereva wa tramu, kaja kwa mkanda wa saa.
Hakusalimu. Aliinamia kaunta:
"Hiyo nibu umeinoa mwenyewe?"
Basi.
Hawakuulizana majina wala kwao.
Walipeana vitu kama watu wanavyopeana watoto wachanga,
kwa mikono miwili, bila haraka.
"Sikiliza," akasema Sirkka, akakifunga kisu.
Tk.
Akaifunga kalamu. Tk.
Akafunga mgongo wa kamera aliyoitoa mkobani. Tk.
"Umesikia? Ni mtu mmoja huyo, anabisha milango mitatu."

Mimi siku zote nilidhani ni ulafi.
Lakini Oiva alikuwa fundi wa kiwanda cha karatasi miaka thelathini na mmoja,
na kiwanda kilipofungwa
mikono yake haikufungwa.
Ilirudi naye nyumbani, ikakaa mezani, ikadai kazi,
kitu kidogo kinachotii,
skrubu inayojua pa kukomea.
Sirkka naye anabonyeza vitufe tangu alfajiri,
milango arobaini inafunguka, inafungika,
na kidole chake hakisikii chochote.

"Na wewe?" akaniuliza, kidevu kikielekea ukutani,
kwenye bisibisi zangu kumi na tisa, zimepangwa kwa unene.
"Hizo ni za kazi," nikasema.
Wakatazamana. Nyani haoni kundule.
"Na vile vibano vya shaba? Na chupa za mafuta, saba?"
Vya kazi. Za kazi.

Ile bisibisi ya ishirini, iliyofika asubuhi kwa posta,
bado inanuka boksi,
niliisukuma kwa kiwiko chini ya kitambaa,
nikasema saa itakuwa tayari Ijumaa,
nikawafungulia mlango mwenyewe, theluji ikaingia,
nikangoja wafike kona
ndipo nizungushe kichwa chake, nisikie.