Mwaka wa Ndege

Jumamosi tunaazima meza ya kwaya,
ile yenye mguu mmoja uliotiwa kigae,
tunaiweka mlangoni pa ukumbi, Mukuru,
ambapo harufu ya kiwanda cha sabuni
hugombana na ya mandazi ya Mama Adhiambo.
Kanisa limetoa paa. Msikiti umetoa viti.
Shaaban wa saiba katoa mashine ya kunakili
pamoja na onyo: wino si maji ya mfereji.
Mimi nimetoa mwandiko.

Ndiyo kazi yangu, kuandika ndani ya visanduku.
Herufi moja, kisanduku kimoja.
Jina la Mzee Lokwawi linaishiwa na nafasi
kabla hajamaliza kuwa yeye.
Binti mwenye mapacha anauliza kama "mapato kwa mwezi"
ni pamoja na siku ambazo hakuitwa kufua.
Andika ukweli, namwambia. Anacheka.
"Ukweli wa mwezi huu au wa mwezi jana?"

Saa tano akaja Bi Kavutha,
kitambulisho kwenye pindo la leso,
mafundo mawili, kama dawa.
"Pesa za wazee. Nasikia zipo."
Nikampa kiti, akakataa.
Nikasoma: Januari mosi, hamsini na tisa.
"Bibi, kadi inasema hujazeeka bado."

Akanitazama. Akatazama magoti yake, kisha kadi,
kana kwamba kati yetu yumo mwongo.

"Aliyeniandika alikuwa kijana,
amechoka, foleni imezunguka jengo.
Akaniuliza nilizaliwa lini. Nikamwambia ya vitabu siyajui.
Akanikagua meno kama mnunuzi wa ng'ombe,
akaandika.
Nilikuwa na meno mazuri.

Lakini mwaka wa njaa ya ndege,
unga uliposhuka angani kwa magunia,
mengine yakapasukia juu ya mawe,
mimi ndiye niliyetumwa kuuzoa,
na mgongoni nimembeba mdogo wangu.
Sasa niambie, mwanangu, wewe uliyesoma:
mtoto wa miaka miwili
humbebaje mtoto?"

Hakuna kisanduku cha hilo.
Nilitafuta ukurasa wa mbele, nikageuza wa nyuma.

Ni Shaaban aliyeiacha mashine ikinguruma peke yake.
"Wewe si Mkatoliki? Nani alikubatiza?"
Katekista akampigia katekista,
huyo akampigia mwingine, upande wa Kitui,
aliyeomba wiki moja kwa kuwa ufunguo wa kabati
uko kwa padre, na padre yuko safarini.
Kagendo wa afya ya jamii, ampimaye presha kila mwezi,
akaapa kuongea na naibu wa chifu;
wanajuana kwa mambo ya mitaro.
Wiki moja ikawa tatu.

Picha ikafika kwa simu, imepinda,
daftari la rangi ya chai, na pembeni
kidole gumba cha mtu nisiyemjua
kikishikilia ukurasa usifunikwe na upepo.
*Kavutha, binti Nzilani. Mchanga. Hamsini na mbili.*

Bado kuna kiapo cha wakili.
Bado kuna muhuri, na ofisi inayofunga saa saba
na kufungua ikikumbuka.
Wapo walioanza nasi mwaka jana
na simu zao hazijalia hata mlio mmoja.
Sisemi pesa zimekuja. Hazijaja.

Nasema tu kwamba siku ile nilimsomea
kwa sauti, maana macho yake yamechoka,
naye akahesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya.
"Kwa hiyo nimepita sabini?"
"Umepita, Bibi. Zamani."

Akavuta kile kiti cha msikiti,
akakifuta kwa kiganja,
akaketi polepole, kama aliyepewa ruhusa.
"Basi nimechoka," akasema.

Kwaya ikaja kudai meza yake.
Tukawaambia wangoje.